Kaye ya Mchezo Uliyoipeleka Kiringye

Espe,

Jana nilitoka Kiringye. Tangu jana sijui kama nikulilie au nikugombeze. Kaye yetu, lile daftari la mchezo, nimeipata. Espe, uliifanya nini?

Nianze na habari za hapa. Cherehani yako iko Nyamianda kwa dada yako Noela. Ameiweka karibu na dirisha, ameifunika kitenge, haishoni. Chumba chako cha kazi hapa Kasenga sasa kinauza sabuni na vocha za simu. Nikipita natazama upande mwingine. Homa ilikuchukua siku tatu tu. Siku ya pili ulinitumia ujumbe nije, nikajibu kwamba nasahihisha mitihani, nitakuja Alhamisi. Alhamisi nilikuja pamoja na watu wengine, na viti vilikuwa vimekwisha kupangwa nje.

Baada ya matanga nikaanza kuutafuta mchezo wetu. Watu walishangaa: mwalimu mzima wa hesabu anazunguka mji akitafuta mchezo! Niliwaeleza kama ulivyozoea kuwaeleza wateja wako. Watu wanaketi pamoja, mmoja anasimulia, na kila mwingine anakuwa mtu wa ndani ya hadithi, anasema anachofanya. Jambo likiwa gumu, kete zinaamua. Binamu yangu alituletea mmoja wa namna hiyo kutoka Bujumbura, wa Kifaransa, umejaa mapanga na theluji. Ulicheka: “Theluji nitaishona na uzi gani?” Ndipo tukaapa kutengeneza wetu, wenye kanuni zitakazobeba hadithi yoyote, ya wachungaji wa kule juu milimani, ya wauguzi, hata ya watu wanaoishi mwezini.

Miaka sita, Espe. Wewe unashona, mimi naandika juu ya meza yako ya kukatia nguo. Nilichora majedwali: la majeraha, la njaa, la mvua, la uchovu wa miguu. Mwaka jana ukachukua kaye, ukasema unamalizia kidogo tu, kisha tuipeleke ichapwe. Baada ya hapo, kila nikiuliza, jibu likawa lile lile: “Ngoja kwanza, Mwalimu.” Nilidhani unaogopa watu watatucheka.

Noela alipekua vitambaa vyako vyote, hakuona kitu. Nikaenda kwa mama wa fotokopi karibu na shule. Alikukumbuka: ulikuja mara moja, ukatoa nakala ya ukurasa mmoja. Mmoja! Nikamwambia amekosea, kaye yetu ina kurasa zaidi ya mia. Akanitazama kwa huruma, akarudia: mmoja. Ndipo Noela akakumbuka kwamba kila Jumamosi ulikuwa unapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kiringye, kwa shangazi yenu Mama Nabintu anayelima mpunga. Mimi uliniambia unakwenda kupima watu nguo.

Nilifika huko vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Penye kiwanja cha kuanikia mpunga, wanawake watano walikuwa wameketi juu ya magunia, wanapigiana kelele. Nikasogea nikidhani nitaamua ugomvi. Hawakuwa wanagombana. Walikuwa ndani ya treni. Treni, Espe, kwenye bonde la Ruzizi! Mama Nabintu ndiye aliyeiendesha, na mbele yake daraja lilikuwa limekatika. Msimulizi akamwuliza: “Unataka nini? Nini inakuzuia? Uko tayari kupoteza nini?” Akafikiri, akasema atapoteza mabehewa ya nyuma, halafu akarusha punje tatu za mahindi zilizounguzwa upande mmoja.

Hawakuwa na kete wala karatasi. Na ulikuwa mchezo wetu.

Nilipojitaja, Mama Nabintu alishika mdomo. “Weye ndjo Mwalimu Kiza?” Akaingia ndani, akarudi na kaye imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikaifungua. Jedwali la majeraha: limekatwa kwa wino wa stilo nyekundu, kutoka kona hadi kona. La mvua, hivyo hivyo. Ukurasa baada ya ukurasa, umenifuta kama unavyofumua mshono mbaya. Ukurasa wa mwisho tu ulibaki safi, ndio ule uliotoa nakala, na juu yake yale maswali matatu na zile punje tatu. Kando ya jedwali la njaa uliandika kwa herufi ndogo: “Kiza aliteseka sana hapa. Nitamwambiaje?”

Hukuniambia.

Niliketi juu ya gunia, kaye mapajani. Mama Nabintu akanieleza polepole kwamba wao hawakusoma. Kila ulipofungua jedwali walinyamaza, ulipolifunga wakasema. Basi ukaanza kuyafunga, moja moja. “Espe aliku anasema, kitabu iko tayari, lakini minye naogopa ule Mwalimu wangu. Atalia.”

Nililia, ndiyo. Mbele ya wanawake watano nisiowajua.

Kisha wakanipa punje. Nikawa mkuu wa kituo cha treni, mtu wa filimbi na makelele. Nikarusha, nikashindwa, nikamgeukia msimulizi aendelee. Mama Nabintu akanizuia kama anavyoelekezwa mgeni: “Hapana. Ukishindwa, weye mwenyewe unatuambia namna umeshindwa.” Espe, kanuni hiyo ni yangu! Niliisema siku ya kwanza kabisa, wewe ukiwa na pini mdomoni, na hatukuiandika popote. Wao hawakujua ni ya nani. Sikuwaambia.

Ulipaswa kuniambia. Ningekasirika wiki moja, pengine mbili, kisha ningerudi kwenye meza yako, maana ningekwenda wapi? Sasa nimejua peke yangu, na jibu sina wa kumpa.

Nakuahidi, ule ukurasa utatoka. Nitauchapisha, jina lako juu, langu chini yake, na la wanawake wa Kiringye pamoja nasi. Sitaongeza jedwali hata moja. Jumamosi narudi kule, wanifundishe.

Pumzika, fundi wangu. Hasira yangu sitaificha ndani ya kaye. Ikinizidi nitakuja hadi kaburini kwako, nisimame hapo mchana kweupe, nikuambie usoni.

Ni mimi, Kiza