Kulungu Wako Hana Alama Masikioni

Kautokeino, Norwe
9 Machi

Mpendwa mjukuu wangu Sunna,

Hii ni theluji ya tatu inaanguka bila sura yako kuonekana hapa. Huko Oslo umefungwa kamba? Barabara ya kuja kwetu haijahama, na kitanda chako bado kipo, ila sasa anakilalia paka.

Haya, hujambo mwanangu? Kile kifua kimepona? Unakula nyama, au bado ni yale majani tu? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu. Barua hii anaiandika Ravna, mke wa baba yako mdogo Aslat, kwa kuwa mimi shule sikuiona. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Kuna mahali atakunja uso, na ataandika hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Kile kikaragosi ulichokichora kwa ajili ya hiyo michezo ya dunia ya theluji kimefika mpaka dukani kwetu. Kipo kwenye paketi za maziwa, kipo kwenye soksi, na wanakiuza kama mdoli. Kulungu dume wa theluji, kama hawa tunaowafuga, ameshika fimbo za kutelezea, anacheka kama mlevi. Mwezi huu madume wote wameshaangusha pembe, yeye anazo zote kichwani! Dume gani huyo? Labda amehasiwa, hao ndio hubaki nazo. Hilo nililicheka hata mimi.

Kilichonikera ni masikio. Mazima, laini, hayana hata mkato mmoja wa kuonyesha ni wa nani. Jirani yetu Jouna alimgeuza yule mdoli mbele ya watu akaniuliza, "Mama Inga, huyu kulungu wa mjukuu wako hana mwenyewe. Nimtie alama yangu?" Duka zima likacheka. Nikamwambia atie kwanza meno mdomoni mwake, nikaondoka bila kununua kahawa niliyoifuata.

Maana wewe ulinieleza kwenye simu wakati wa Krismasi. Ulimchora na alama yako masikioni, ile aliyokupa marehemu babu yako siku ya ubatizo wako. Wakubwa wako wakasema mnyama aliyekatwa masikio anaonekana ameteswa, watoto watalia. Ukafuta. Nilidhani ungegoma, angalau ungenuna. Wewe ukaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Bibi, ni masikio tu." Niliposikia hivyo nilikata simu. Haikukatika yenyewe, ni mimi.

Na wale wakubwa wako ni watu gani? Alama inawatisha, lakini nakshi za ukingo wa gauni letu wamezichukua bila woga. Ravna ameziona mjini zimechapwa kwenye mabasi, kwenye mabango na kwenye vyoo vya plastiki. Mama yangu alizishona macho yakimtoka machozi kwa moshi, leo mtu anajisaidia ndani yake. Mtu asiniambie ni heshima.

Sasa linalonikosesha usingizi. Baba yako mdogo anasema, mbele za watu, kwamba wewe umeshajifuta mwenyewe, kwa hiyo alama yako apewe binti yao mdogo. Nilimuuliza, "Aslat, Sunna amekufa?" Akachukua kofia yake akatoka. Ravna ameinama hapa mezani, kalamu inakwaruza. Simchukii. Mtoto wao anahitaji alama, na hakuna ubaya. Akatafutiwe nyingine.

Katika kundi zima amebaki jike mmoja mwenye alama yako, yule mweupe mwenye doa puani. Ana mimba. Atazaa Mei, na mwezi wa saba ndama wote watatiwa alama. Aslat amesema waziwazi: usipokuwepo kumkata masikio ndama wako, atamkata yeye kwa alama ya bintiye, na hapo jina lako limekwisha kwenye kundi hili. Nami sina mkono wa kisu tena wa kumzuia. Ninao mdomo tu, na umeanza kuchoka.

Ukitaka kunijibu kwa hasira, jibu. Ninachokataa ni kimya chako.

Msalimie yule rafiki yako mrefu anayeogopa mbwa. Shangazi Berit anakusalimu, na mtoto wa Ravna pia, ambaye hana kosa lolote. Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mzuri, na wanaokuamrisha awape haya kidogo.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimefura,
Inga

Utakapokuja mwezi wa saba, usipitie nyumbani kunisalimu. Nenda moja kwa moja zizini. Aslat akitaka kukushikia ndama, mkatalie. Mkamate mwenyewe, mlaze, mkate masikio yote mawili watu wakiona, halafu ndiyo uje ule.