Pande Mbili za Shuka

Kikopey, Gilgil
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kikopey, penye moshi na upepo. Sisi sote wazima. Nasimiyu yuko salama, na Shiru ameota meno mawili ya mbele na anayatumia vibaya. Mguu wako unaendeleaje? Na macho?

Mama, najua mkwe hamwandikii mama mkwe wake hivi hivi tu. Nimejaribu kunyamaza wiki nzima, imenishinda. Jumapili ile tulipokuja Free Area kukusalimu, nilikaa varanda kama mila ya Kibukusu inavyotaka. Siipingi, maana hata kwetu Wagikuyu mtu humwonea mama mkwe wake haya. Tangu nimwoe binti yako hatujawahi kukaa chumba kimoja wala kupeana mkono, na heshima imekaa vizuri. Nilikuwa nakunywa chai yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikakusikia ukimwambia Nasimiyu kwamba katika vipindi vyote vya mambo ya angani vilivyowahi kuonyeshwa kwenye televisheni, hakuna hata kimoja kilichoifikia Taa ya Mwisho.

Chai ilinitokea puani.

Mama, kwa heshima zote, hapana. Mimi nimelelewa na Msafara wa Sita. Miaka ya tisini, kila Jumapili baada ya chakula, hata baba yangu aliacha kukoroma ili asikie. Palikuwa na magari yanayosafiri kutoka sayari moja hadi nyingine, na roboti mmoja aliyeitwa Kopo, aliyejifunza kupika kwa sababu abiria walikuwa wamesahau ladha ya chakula. Nikikwambia nilifungua bucha hii ya nyama choma kwa sababu ya Kopo, usicheke. Hiyo Taa yenu nimeona vipande vyake kwenye simu. Sayari ni sufuria iliyopinduliwa, na uzi unaoishikilia unaonekana.

Nimemaliza. Sasa naweza kulala.

Mkweo mwenye heshima lakini asiyekubali,
Kihara, Baba Shiru


Free Area, Nakuru
20 Februari 2025

Mulembe, mkwe wangu Baba Shiru,

Barua yako Nasimiyu amenisomea alipokuja kunitazama, huku akicheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha. Namshukuru Mungu kwamba ile chai haikukuua. Mimi sijambo. Mguu unalalamika kwa ajili ya baridi, lakini kelele zake nimezizoea. Ukiona herufi zangu ni kubwa kama za bango la krusedi ya injili, ni kwa sababu naandika kwa kalamu nene ili nione ninachoandika.

Sasa nikujibu. Uzi? Uzi niliuona kabla hujazaliwa. Kila mtu pale kwenye nyumba za reli tulikoishi aliuona. Hatukuwa tunaangalia uzi. Tulikuwa tunamwangalia Kamanda Ilva.

Wewe umeona vipande, kwa hivyo hujui kitu. Ilva aliwekwa kwenye mnara wa taa ulio mwisho kabisa wa anga, kuongoza meli zisigonge mawe. Kila wiki wakubwa wake kutoka Dunia walimtumia amri: zima taa, funga kituo, rudi nyumbani, hakuna meli inayopita huko tena. Na kila wiki aliisoma ile amri, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha kahawa. Mwaka ule nilikuwa mke mchanga mwenye watoto wawili, na kila aliyepita mlangoni kwangu alikuwa na amri ya kunipa. Mama mkwe wangu, mchungaji, hata mume wa jirani! Jumanne jioni nilikuwa naketi kumwona mwanamke mmoja akisema hapana. Kopo wako alikufundisha nini? Kukaanga vitunguu?

Na usiniulize mwisho wake, maana sikuuona. TV yetu ilitumia betri ya gari, tuliyokuwa tukiipeleka kuchajiwa juu ya baiskeli. Siku ya kipindi cha mwisho nyumba ilijaa mpaka watu wakaketi juu ya mitungi ya maji. Marehemu mzee wangu, kwa kupenda sifa, akawawekea wageni mieleka kwanza. Basi Ilva akafika kwenye swichi ya taa, akaweka mkono, na picha ikaanza kusinyaa pande zote mpaka ikawa nukta. Betri kwisha. Kipindi hakikurudiwa tena. Kaburi la mzee nalipalilia vizuri, lakini ile mieleka sijamsamehe.

Mama mkweo,
Nekoye


Kikopey
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kugombana. Sisi ni wazima, ila Nasimiyu amelia. Hatimaye ameniambia lile ulilomkataza kuniambia: kwamba ni ugonjwa wa presha ndani ya macho, na daktari amesema mwanga uliobaki huenda usifike mwisho wa mwaka.

Mama, pole. Neno lenyewe naliona dogo, lakini sina lingine.

Kwa kuwa pole haitoshi, nimeingia kazini. Kuna kundi la watu kwenye mtandao, wazee wengi wao, kutoka kila pembe ya dunia, ambao kazi yao ni kubishana kuhusu vipindi vya zamani. Nilipotaja Msafara wa Sita walinipokea kama ndugu. Nilipotaja Taa ya Mwisho wakagawanyika pande mbili wakatukanana siku nzima, na hapo nikajua uko na wenzako. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, anazo kanda za wakati ule. Kipindi cha mwisho anacho. Amekubali kunitumia mara tu atakapopata mtu wa kukihamisha kutoka kwenye kanda.

Hapa buchani tuna projekta ya kuonyeshea wateja mpira. Nitaileta Free Area. Nitaweka picha ukutani kwako, kubwa kama ng'ombe, nawe utaona huo mwisho mkiwa na Nasimiyu. Shida ni kwamba projekta hii ina kichaa chake na ni mimi peke yangu ninayeiweza, kwa hivyo lazima niwe ndani. Ikibidi mila ivunjwe, nitaivunja, na adhabu nitaibeba mimi.

Lakini Kopo bado ni mkubwa kuliko Ilva.

Mkweo,
Baba Shiru


Free Area
2 Aprili 2025

Mulembe, Baba Shiru,

Habari za huko? Hapa mvua imeanza, na mimi nimeanza pia.

Nasimiyu alimtajia shangazi yake habari ya projekta, na kesho yake shemeji yangu Khaemba akabisha hodi na fimbo yake. Unamjua, ndiye anajiita msemaji wa ukoo tangu mzee wangu afariki. Hata chai hakungoja.

"Shemeji," akasema, "mkwe na mama mkwe ndani ya nyumba moja, tena mmezima stima? Watu wataongea nini? Na wewe ni mama wa kanisa. Hayo madude ya angani ni ya nini kwa umri wako? Tulia, uombee macho."

Nikamwambia, "Macho nayaombea asubuhi. Mchana nataka kuyatumia."

Alienda akisema kwamba siku hiyo atakuja mwenyewe kuzuia.

Sasa nisikilize vizuri. Usivunje mila. Sikuambii hivyo kwa kumwogopa Khaemba. Mila hii ni yangu kabla haijawa yake. Mimi ndiye ninayeheshimiwa nayo, na sitaki mtu aje aniheshimu mpaka anifungie nje ya furaha yangu. Wanaotaka kunikataza wataniona nikishika mila kuliko wao, na picha nitaangalia.

Nilipokuwa msichana kule Kimilili, gari la sinema lilikuwa likija uwanja wa shule. Walitandaza kitambaa cheupe kati ya miti miwili. Watu wazima walikaa mbele. Sisi watoto tulifukuzwa, tukaenda nyuma ya kitambaa, na picha tuliiona vile vile, ila imegeuka: mwenye mkono wa kulia ni wa kushoto, na maandishi yanasomeka kama ya wachawi. Nilikua nikidhani Wazungu wote ni mashoto.

Nina shuka kubwa nyeupe ya harusi yangu. Itafungwa kwenye kamba, ikate sebule katikati mpaka chini. Madirisha nitayaziba kwa blanketi. Wewe utaweka mashine yako upande wangu kabla sijaingia, kisha utazunguka uingie kwa mlango wa jikoni, ukae upande wa nyuma. Ikipata kichaa, nitatoka nje, uje uitibu, urudi. Hatutaonana wala kugusana. Nawe uliyeitukana Taa ya Mwisho utaiangalia kinyume, hiyo ndiyo adhabu yako.

Mama mkweo,
Nekoye


Kikopey
29 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, ijapokuwa nimekaa kimya hadi ukafikiri nimekimbia. Mwalimu yule alikuwa mgonjwa, kisha mtu wake wa kanda akapotea, kisha kanda ikakwama. Juzi kipindi kimefika. Sijakiangalia. Nilimpa Nasimiyu simu aifiche, maana mkono ulikuwa unaniwasha. Tutauona mwisho huo pamoja au tusiuone.

Ni Jumamosi hii, saa nane mchana.

Nasimiyu anasema sasa unamimina chai nje ya kikombe, na kwamba wiki iliyopita ulimsalimia kwa jina la jirani. Mama, najilaumu kwa miezi iliyopotea. Kama picha itakuwa ukungu kwako, mimi niko upande wa pili wa shuka, nitapaza sauti kama kwenye mnada. Sauti haina mwiko. Khaemba akileta fimbo, na ailete.

Mkweo,
Baba Shiru


Free Area
11 Julai 2025

Mulembe, mkwe wangu,

Barua hii anaiandika Nasimiyu, aliyebaki huku nami, mimi nasema. Nimemwonya asiongeze neno lake. Umefika salama? Moshi wa huko haujambo?

Kuna mambo hukuyaona Jumamosi kwa kuwa ulikuwa nyuma ya shuka. Khaemba alipoingia alisimama pale katikati akitafuta kosa. Akachungulia upande wako, akachungulia upande wangu. Akapima shuka kwa fimbo kama imefika chini. Imefika. "Basi," akasema, "nitaketi nilinde." Akaketi karibu nami. Kabla Ilva hajamaliza kikombe cha kwanza, mlinzi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mama anasumbuliwa na akina nani?"

Mimi niliona mwanga tu, kama maziwa yanayotikiswa. Uso wa Ilva sikuuona. Lakini nilikusikia. "Mama, amri imeingia! Mama, anaisoma! Ameikunja, iko chini ya kikombe!" Nikacheka mpaka machozi. Kisha ukasema amefika kwenye swichi, ameweka mkono. Halafu ukanyamaza.

Nilihesabu kimya chako, mkwe wangu. Kilikuwa kirefu mno kwa mtu mwenye habari njema. Ndipo ukapaza sauti: "Mama, ameuondoa mkono! Ameiacha ikiwaka!"

Na Khaemba hapo kando yangu akapiga paja: "Haki ya Mungu, ameizima!"

Nasimiyu akakohoa, akaenda jikoni kuandaa chai.

Nilijua kabla ya Khaemba kufungua kinywa. Macho yangu hayaoni uso, lakini giza yanalijua. Shuka nzima ilizimika. Usinitumie barua ya kuomba radhi, sitaisoma, na Nasimiyu nimemkataza kunisomea. Mtu aliyekaa kinyume akapaza sauti hadi ikakauka ili mwanamke mzee apate mwisho anaoutaka, huyo si mkwe tu, ni mwanangu.

Nimekuwa na hasira tangu siku ile, lakini si kwako. Ni kwa wale walioandika kile kipindi. Miaka hii yote Ilva wangu alikuwa bado na mkono juu ya swichi, na taa inawaka. Nimelea watoto ikiwaka. Nimezika mume ikiwaka. Leo mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, aniambie alitii amri akapanda meli akarudi nyumbani? Nakataa! Amri yao nimeikunja, iko chini ya kikombe. Ya daktari nayo iko hapo hapo.

Na mzee wangu nimemsamehe mieleka yake. Betri ile ilikufa mahali pazuri kuliko walipofika wao na stima yao yote.

Sasa lete Kopo. Khaemba ameshauliza mara mbili ni lini, eti kwa ajili ya kulinda. Kuhusu Kopo usinifiche kitu. Akiunguza vitunguu, sema ameunguza.

Shuka sijaitoa kwenye kamba. Safari hii wewe ukae upande wa mbele, uone maandishi yakiwa sawa. Mimi nitaingia kwa mlango wa jikoni. Kwangu pande zote mbili sasa ni sawa.

Mama yako,
Nekoye