Daraja la Ukumbini

Jumatatu, 5 Februari 1951

Mihogo tena. Nimemenya tangu asubuhi, makopa nimeyaanika juu ya jamvi. Kuku wameyapitia mara moja tu. Wamekuwa na adabu siku hizi.

Mdogo wangu Chausiku amekuja kunisaidia. Amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, tumbo limemtangulia. Nesi wa Kisarawe amemwambia tena: nyonga zako nyembamba, usithubutu kuzalia nyumbani, njoo hospitali. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Ng'ambo hatuna ndugu wa kumpokea mwezi mzima, na mume wake yuko bandarini Dar es Salaam anabeba mizigo ya watu.

Sasa hivi mto ni mchanga na vidimbwi. Mbuzi anavuka bila kulowa kwato. Masika ni habari nyingine. Masika iliyopita Chausiku alikaa ukingoni na uchungu wake, tukingoja maji yapungue. Yalipungua. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Siku ile sikulia. Nilifanya mzaha juu ya kofia ya mume wangu iliyochukuliwa na maji. Watu walisema sina moyo. Ninao. Lakini nikianza kulia mimi, yeye atamshika nani?

Jumatano, 7 Februari

Niandike habari za mbao, maana nikizisimulia kwa mdomo nafoka.

Lori la boma lilizileta kiangazi kilichopita. Mbao nene za mvule, za daraja letu. Zikashushwa kwa Jumbe Kondo, mkuu wa kijiji chetu. Nguzo za daraja la zamani bado zimesimama mtoni, kazi ilikuwa kupigilia tu. Jumbe akasema anangoja fundi. Fundi akaja. Leo mbao zote zimelala ukumbini kwa Jumbe, zimepigwa misumari na kupakwa mafuta. Kutoka hapa hadi Masaki hakuna nyumba nyingine yenye ukumbi wa mbao. Jumbe amenunua na viatu vya kisigino kigumu. Anatembea: ko, ko, ko. Anageuka: ko, ko, ko. Hana pa kwenda. Anajisikiliza.

Juzi mume wangu Mrisho alikwenda kumweleza. Mrisho hajui kueleza, anajua kugomba. Alimwita mwizi mbele ya wageni. Sasa, kwa adhabu, anafyeka barabara ya boma mpaka Jumbe atakaposahau. Amerudi na malengelenge viganja vyote. Nimempaka mafuta ya nazi. Nikamwambia, ulichosema ni kweli tupu, umekosea tu wa kumwambia.

Hakucheka. Nimechukia. Si yeye. Hali.

Jumapili, 11 Februari

Darasani sikukaa. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti wanayofungia sukari dukani Masaki, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho.

Leo nimepata kipande chenye mwisho. Msomaji mmoja anaishukuru treni kwa kuchelewa, kwa kuwa amepata nafasi ya kufahamiana na kila nzi wa stesheni, na baadhi yao sasa ni kama ndugu. Nimecheka peke yangu hadi sukari ikamwagika. Nikasoma tena, polepole. Hakumtukana mtu. Hana neno hata moja la kukamatiwa. Na bado bwana wa stesheni akiyasoma yale, siku hiyo chakula hakipiti.

Kwa hiyo nami nitamshukuru Jumbe.

Ijumaa, 16 Februari

Wimbo wa kwanza umekataliwa. Nilimpa Mwamvua, manju wa ngoma yetu ya wanawake, ndiye anayeanzisha nyimbo sisi tukaitikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, huu wimbo au mashtaka? Mimi shingo ninayo moja, na ninaivalia shanga."

Kweli ulikuwa na uchungu mwingi. Nilimtaja hadi marehemu mama yake Jumbe.

Nimekaa nao siku mbili. Kila tusi nimelitoa. Ajabu ni kwamba kila nilipotoa tusi, wimbo ulizidi kuuma. Umebaki hivi:

Asifiwe Jumbe wetu, kwa ukumbi wa thamani,
Mafuriko yakishuka, hatalowa maungoni,
Anavuka kila siku, toka nje hadi ndani.

Mwamvua alicheka akashika ukuta. Akasema ataimba. Akasema pia kwamba aliyeutunga hajulikani na hatajulikana. Nimekubali. Aliyeutunga ni mtu mnyenyekevu.

Jumamosi, 24 Februari

Harusi kwa jirani. Tumeimba.

Jumbe alikuwa kiti cha mbele. Wanawake walificha vinywa kwa kanga. Wanaume wakatazama chini kama waliodondosha sindano. Mimi macho yangu kwa Jumbe tu. Nikangoja uso ubadilike.

Umebadilika. Amefurahi. Amesimama, amecheza, ameagiza turudie. Tumerudia. Ametoa mbuzi.

Jumapili, 25 Februari

Nimekula nyama ya mbuzi wa kushindwa. Laini sana.

Sikuwaza kwamba mtu anaweza kusifiwa kupita kiasi na asishtuke. Mwenye stesheni wa gazetini labda naye alilitundika ukutani. Leo asubuhi Jumbe alikuwa anapita ukumbini na wimbo wangu mdomoni, viatu vikimpigia ngoma. Nimempa hadi mwendo wa kutembelea mbao zetu.

Chausiku ameniuliza, "Sasa itakuwaje, dada?"

Nilitafuta mzaha. Sikuupata. Hilo limeniogopesha kuliko mto.

Alhamisi, 1 Machi

Mvua. Mapema kabla ya wakati wake. Mto umefika magotini. Mrisho bado anafyeka.

Nimeuchukia wimbo. Watoto wanauimba wakienda kuteka maji. Nimesikia umefika Chole. Kila mahali umefika, isipokuwa kwenye kichwa cha mhusika.

Jumanne, 6 Machi

Amepita Mzee Maganga. Mnyamwezi wa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Baba yake aliletwa pwani na mizigo ya msafara, akachoka kurudi. Maganga hununua mikeka huku kwetu na kuiuza kule. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Ana ruhusa ya kutuambia lolote, msibani ndiyo zaidi, na wa kwetu akikasirika aibu ni yake.

Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba. Akasema, "Leta maji, mla panzi wewe, kama mmejifunza kuyachemsha."

Akanywa. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Wimbo wangu. Umefika Kibaha.

"Nani kautunga?"

"Sijui, Mzee. Watu tu."

"Watu tu wana akili," akasema, akimtazama Chausiku, tumbo, kisha njia ya mtoni. "Lakini wimbo wao umepungukiwa kitu. Mnamchoma mtu mwenye ngozi ya kiboko kwa sindano ya kushonea kofia."

"Sasa watu tu wafanye nini?"

"Wasifanye kitu. Mimi nipo Masaki wiki hii."

Akaondoka na mkeka wangu mmoja bila kuulipia. Ndiyo utani wenyewe. Nimeukosa mkeka na moyo umekuwa mwepesi. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 8 Machi

Mto kiunoni.

Shangazi yake Jumbe amefariki leo jioni. Bibi mzee sana. Nilimpenda, alikuwa akimwita Jumbe "katoto" mbele ya makarani. Maziko kesho baada ya sala ya Ijumaa.

Makaburi yako ng'ambo.

Ijumaa, 9 Machi

Nitaiandika yote. Nimecheka sana, na nimelia.

Watu walijaa uwanjani kwa Jumbe. Wazee ukumbini, juu ya mbao, kimya. Jeneza limekwisha kutolewa ndani, wabebaji wameliinua. Ndipo akatokea Maganga.

Hakutoa pole. Alisimama ukingoni mwa ukumbi, akavua makubazi akayatundika shingoni, akakunja suruali hadi mapajani. Akashusha fimbo kwenye ubao wa kwanza kama anayepima kina. Akaita kwa sauti, "Jamani, wenyeji! Hapa maji yanafika wapi?"

Akaingia. Alivuka ukumbi ule hatua kwa hatua, mikono juu, akitetemeka kwa baridi. Katikati akateleza. Akamdaka Jumbe shingoni: "Jumbe nishike! Nazama! Sijaoa mke wa pili!"

Kicheko kilianzia kwa wafiwa wenyewe. Binti ya marehemu, macho mekundu, alijishika mbavu. Chausiku alikuwa karibu yangu. Nikasikia sauti ambayo sikuisikia tangu masika iliyopita. Anacheka. Nikageuka kuhakikisha. Anacheka kweli.

Jumbe alijaribu tabasamu. Akampa Maganga jicho la toka hapa. Halikufaa. Maganga alijilaza njiani, kifudifudi, mbele ya jeneza. Mtani akizuia jeneza halipiti mpaka aridhishwe. Jumbe akatoa shilingi. Maganga akaitia mdomoni, akaing'ata, akamrudishia. Akaletwa kuku. Akamkabidhi kuku kwa Mwamvua amshikie, na hakuondoka.

"Unataka nini, wewe Mnyamwezi?" Jumbe akauliza.

Maganga akainua kichwa. Hakuwa anacheza tena, au alikuwa anacheza vizuri zaidi.

"Katoto, wewe unapita juu ya mvule kwenda kulala. Shangazi yako unamvusha maji ya kiuno kwenda kulala. Nataka njia ya marehemu. Basi."

Nilisikia kuku.

Nilimtazama Jumbe. Safari hii uso ulibadilika. Nadhani ndipo wimbo ulipomwingia, mistari yote, pamoja na mbuzi. Angeweza kukasirika. Watu wote walikuwa wanangoja wamwone Mzaramo aliyemkasirikia mtani mbele ya maiti. Alivua viatu. Akaviweka kando. Akamwambia Mrisho, Mrisho yule yule: "Leta mtaimbo."

Mbao zimeng'olewa marehemu akiwa bado begani kwa watu. Vijana wakatangulia mbio, wakazilaza juu ya nguzo. Sisi wanawake tulibaki huku ukingoni. Nimemwona bibi akivuka juu ya maji, mkavu. Hata sanda haikulowa.

Jumatatu, 12 Machi

Mbao ziko mtoni bado. Kuna aliyemuuliza Jumbe kama zirudishwe. Nani atalala kwenye nyumba yenye mbao zilizokuwa njia ya makaburini? Mke wa Jumbe alisema zikirudi yeye anakwenda kwao. Hilo Maganga alilijua tangu mwanzo. Sisi tuliong'oa ndio tulikuwa hatujui.

Leo Jumbe amekuja kusimamia upigiliaji. Amesema mbele ya wote kwamba alizihifadhi mbao ukumbini zisiliwe na mchwa. Tukasema, ahsante Jumbe. Mrisho alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Mtu akirudi, mwachie mlango arudi na nguo zake.

Mrisho amepigilia msumari wa mwisho. Barabara ya boma hafyeki tena.

Maganga amerudi Kibaha na kuku. Mkeka wangu ameuacha kwa Mwamvua, na ujumbe: umefumwa vibaya.

Jumatano, 21 Machi

Maji yamejaa pomoni. Magogo yanapita. Uchungu umemshika Chausiku tukiwa tunatwanga.

Tumemlaza kwenye machela ya kanga na miti. Mrisho mbele, Jumbe nyuma. Ndiyo, Jumbe. Alikuwa anapita, akashika mti bila kuambiwa. Darajani sikutazama chini. Mbao zililia chini ya miguu yetu. Hazikutikisika.

Katikati Chausiku alinibana mkono. "Dada, niambie kitu cha kuchekesha."

Nikamwambia nani alikuwa ameshika mti wa nyuma. Alicheka mpaka uchungu ukampitia.

Jumanne, 27 Machi

Mtoto wa kike. Wamerudi jana, wote wawili kwa miguu ya watu wengine. Amepewa jina la yule bibi, shangazi yake Jumbe. Analala mdomo wazi kama mwenye neno la kusema mbele ya makarani.

Jumbe alikuja kumtazama. Ukumbi wake ni wa udongo tena, kama wetu. Alipoaga alisimama kidogo mlangoni, akasema wimbo ule ungefaa kuongezwa ubeti mmoja, sasa daraja lina mto. Hakuniuliza aliyeutunga.

Mvua imepungua. Kutoka hapa nilipo nasikia watu wakivuka. Wengi peku. Mmoja amevaa viatu: ko, ko, ko. Anakwenda, harudi.

Mihogo iko pale pale. Niamke nimenye.