Mbuzi wa Lekishon Hawakuila Miti Yako

Same, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Huu ni mwaka wa sita tangu niondoke Kasulu, na mwezi wa tano tangu tukuzike.

Mzee wangu Elineema,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijui namna nyingine ya kuanza kusema na wewe. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Kuna neno nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Nikilizungusha nitalikimbia tena, basi nalitoa: mbuzi wa Lekishon hawakuila miti yako. Ni mimi niliyeifyeka.

Uliponichukua kutoka mkongeni, nilikuwa najua ardhi ya aina moja tu, ile ya mistari. Kule nyapara akikuta kichaka katikati ya mistari, unarudia kazi yote. Wewe ukanipeleka kwenye kile kipande chako kando ya korongo, ukanionyesha visiki vya migunga walivyoviacha wachoma mkaa. Ukasema, "Hivi havijafa, Joramu. Vimechoka tu, kama wewe." Nilicheka kwa adabu, moyoni nikasema huyu mzee jua limempata. Tukawa tunachagua kwenye kila kisiki machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine tunayapunguza, tuliyoyabakiza tunayafunga kitambaa chekundu ili kila apitaye ajue hayaguswi. Hupandi kitu, humwagilii kitu. Unangoja tu. Kungoja kulinishinda kuliko kubeba mkonge.

Nilikuuliza kwa nini usilime pale mahindi. Ukanijibu kwamba ile ndiyo njia ya wanyama wanaotoka hifadhini kwenda majini, tangu babu yako. "Mnyama akikosa njia yake, atachukua yako."

Halafu mwaka jana ukalazwa. Wiki mbili. Nilibaki peke yangu na panga, na nilitaka sana urudi ukute nimefanya kazi ya maana. Mzee, nilikuwa nakupenda kama baba na sikujua kukuonyesha ila kwa kazi. Upande wa chini wa korongo hatukuwa tumefunga vitambaa bado. Nikajiambia, kisicho na kitambaa ni taka. Nikafyeka machipukizi, nikafyeka nyasi, nikaondoa na miiba, nikachoma. Nilipomaliza, ardhi ilikuwa nyeupe kama uwanja wa kanisa. Nilisimama pale nikajisifu.

Ukarudi na ule ukungu wako wa machoni, huoni alama za panga. Miiba ilikuwa haipo, kwa hiyo mbuzi wa Lekishon walikuwa wamekatiza kwenda lamboni na kuacha samadi kila mahali. Ukainama, ukaokota ile samadi, ukasema, "Yule Mmasai ameniua." Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga.

Ukampeleka mpaka baraza la kijiji. Nilikusindikiza, nikakubebea kiti. Siku ile Lekishon aliapa kwa watoto wake, na watu wakamcheka, wakasema kazi ipo, amegombana na Mpare, na Mpare haachi kesi, atauza ng'ombe wote kabla kesi haijaisha. Mimi nikacheka nao. Kicheko kile, mzee, ndicho kinachoniuma kuliko panga.

Alikuja kwenye mazishi yako. Pengine hukujua. Alisimama nje ya uzio wa katani mpaka udongo ukaisha, akaondoka bila kula.

Juma lile lile la matanga tembo wawili walipita alfajiri. Kwenye korongo hawakukuta pa kujificha wala cha kula, wakageukia mahindi ya mkeo, mama Nakijwa, yaliyokuwa yakisubiri kuvunwa. Ndugu zako wakasema kosa ni la Lekishon, mbuzi wake ndio walioimaliza njia. Wakataka baraza limzuie kunywesha mifugo lamboni. Kiangazi kile, kumnyima mtu lambo ni kumwambia ahame na watoto wake.

Sikuweza tena. Nilimfuata mama Nakijwa jikoni, anachagua maharage. Nikamwambia yote. Hakuniangalia. Aliendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Mume wangu amekufa na kinyongo ambacho hakikuwa chake." Nikalia. Akasema tena, "Ndugu zake niachie mimi. Lekishon kamwambie kwa mdomo wako. Mimi sikusemei."

Nikaenda. Lekishon alinisikiliza akiwa ameegemea fimbo, halafu akacheka mpaka mbwa wakabweka. "Kumbe mbuzi wangu wana mapanga! Na wewe Muha ulikuwa umekaa pale, umebeba kiti!" Nikasema ndiyo. Kicheko kikamwisha. "Yule mzee nilikuwa namuamkia kila asubuhi, miaka yote. Amekufa hatujasalimiana."

Mambo ya huku yamekwenda hivi. Ndugu zako wameondoa shauri barazani, ingawa mmoja bado hanipi mkono. Vuli imenyesha kidogo, na vile visiki nilivyovifyeka vimechipua tena. Si vyote, lakini ni vingi kuliko ninavyostahili. Nimevifunga vitambaa, mama Nakijwa alikata kanga yake ya zamani akanipa. Nyasi nimeziacha. Juzi nimeona digidigi wawili upande wa juu, na kwale wamerudi kupiga kelele.

Lekishon amekubali mifugo yake isikanyage pale mpaka masika ipite. Lakini wafugaji wenzake hawatamsikiliza, watadhani anajipendekeza kwa watu waliotaka kumfukuza. Januari watarudi kutoka malisho ya mbali na watakaa kikao. Akaniambia, "Njoo usimame uwaambie wewe. Wakikusikia, watazunguka. Usipokuja, mbuzi mia wataingia pale, na safari hii watakula kweli."

Kesho napanda basi kwenda Kasulu. Mama yangu anaumwa, na miaka sita ni mingi. Najua watu wanasema nakimbia. Mama Nakijwa yeye alinifungia maharage ya njiani tu.

Basi nakuambia wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya. Ulale, mzee wangu. Kinyongo kile ulichokwenda nacho kiache huko, ni changu. Visiki vyako nitavitunza mpaka viwe miti ya kumficha tembo. Kikao cha wafugaji ni Alhamisi ya pili ya Januari. Nitashuka Same Jumanne, siku mbili kabla.

Joramu