Kitambaa Chekundu cha Mke Mwenza

Nyumbani,
Jumanne, baada ya dawa za mchana.

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha shemeji yangu, kisha watoto kwa umri wao, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba. Je, goti lako limepata nafuu? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za ghalani ukisimama kila baada ya hatua tatu, na ukiulizwa unasema unahesabu magunia. Nilicheka peke yangu. Baba naye alikuwa hivyohivyo; akichoka, husema anasikiliza injini.

Mimi si mzima, wala sina haja ya kukuficha. Moyo umechoka. Daktari wangu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alianza kunieleza kwa kuzungukazunguka mpaka nikamwambia kwamba nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na minane, hukumu za kila aina nimezisikia, kwa hiyo asome tu. Akasema wiki kadhaa, labda miezi miwili. Nikamshukuru. Ukiona mwandiko unatetemeka, ndiyo sababu. Na ukiona wino umebadilika, ujue nililala kidogo nikaamka na kalamu nyingine. Binti yangu alitaka aniandikie, nikamkatalia. Barua hii ni lazima iandikwe na mkono huuhuu.

Sasa habari za gari. Najua hutaki kuzisikia. Miaka yote hii nimekuandikia kuhusu mvua, magonjwa na harusi, na gari nimelipita pembeni kama mtu anayekwepa shimo. Leo nakuomba uvumilie usome mpaka mwisho, usiikunje barua ukaitia mfukoni. Gari la Baba limekamilika.

Unalikumbuka lilivyokuwa. Stesheni wagoni refu la rangi ya krimu, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama paa, na kile kiti kidogo cha huko nyuma ambacho mimi na wewe tulikikalia tukiitazama barabara ikitukimbia. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, na kila Jumamosi alilala chini yake kutwa nzima, miguu tu iko nje. Mama akaliita Mke Mwenza. Wageni wakija kumwulizia Baba, Mama huwajibu kwamba yuko kwa mke mdogo, wampigie hodi kwenye bampa.

Wewe ndiye uliyerithi mikono yake. Una miaka kumi na miwili ulijua plagi ipi imekufa kwa kusikiliza tu. Mimi aliniita Profesa, akanipa kazi ya kushika tochi, na hata hiyo alilalamika kwamba namulika mawazo yangu badala ya nati.

Na sheria yake unaikumbuka kuliko mimi. Gurudumu likitolewa, nati hurudishwa kwa vidole gari likiwa juu ya jeki. Likishashushwa chini ndipo hukazwa kwa spana. Kati ya vidole na spana, kile kitambaa chekundu, kipande cha pazia letu la zamani la sebuleni, sharti kining'inie kwenye kioo cha pembeni, upande wa dereva. Aliyekaza nati ndiye peke yake anayekiondoa. Kitambaa kikiwepo, gari haliguswi hata nyumba ikiungua. Kisipokuwepo, ingia uendeshe. Baba alikiamini kitambaa kile kuliko macho yake.

Siku yenyewe sina haja ya kukusimulia, lakini niache niiandike, maana ni mara ya kwanza kuiandika sawasawa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka thelathini na minne iliyopita. Ulibadilisha lainingi za breki za gurudumu la mbele kushoto, ukarudisha nati kwa vidole, ukalishusha gari. Spana ya magurudumu ilikuwa kwa jirani yetu muuza mbao, aliyeiazima kwetu, ukaenda kuifuata. Uliporudi nayo mkononi ulikuta uwanja mtupu, na doa la mafuta pale gari lilipokuwa. Baba alikwenda kumchukua Mama kwa shangazi. Hakufika mbali zaidi ya kona ya darajani. Waliokuwepo walisema gurudumu lilijitenga, likavuka barabara peke yake taratibu, likaenda kuegemea uzio wa watu, kama mtu aliyefika kwake.

Ulisema kitambaa ulikiweka. Ulisema siku ileile, ukasema msibani, ukasema tena baada ya mazishi. Kilitafutwa uwanjani, nyuma ya ukuta, darajani, hakikuonekana. Mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema mbele ya wote kwamba kitambaa hakina miguu. Tangu hapo ukanyamaza. Mwaka haukuisha, ukagawa vifaa vyako vyote, ukahama, ukawa mtunza ghala. Na binti yako wa mwisho alipotaka kusomea ufundi wa magari, shemeji aliniambia ulimjibu kwamba mikono ya ukoo huu haifai kushika kitu cha kubeba watu.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka uwanjani. Mama alitaka liuzwe kama chuma chakavu, nami nikakataa kwa ukali ambao hakuwahi kuuona kwangu. Watu wakasema ni mapenzi yangu kwa Baba. Niliwaacha waseme.

Nilimpata fundi bodi mmoja wanayemwita Msumari, kwa wembamba wake, na kwa kuwa akishaingia kwenye nyumba ya mtu hatoki mpaka ang'olewe. Alikuja na nywele nyeusi, sasa ni mvi tupu. Kutu ilikuwa imeila sakafu hata ukikaa ungeweza kuwatazama siafu wakipita chini ya miguu yako. Msumari alikata, akachomelea, kutu ikachipuka kando, akakata tena. Mlango wa kushoto tuliupata baada ya miaka minne kwenye uwanja wa vyuma chakavu, wa kijani. Kabureta ilifunguliwa mara zisizo na idadi. Fundi wa viti, mama mmoja mwenye miwani minene kuliko yangu, alipochana kiti cha dereva alikuta ndani yake kitana cha Baba, na unywele mmoja mweupe. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

Lakini gari halikutulia. Kile kioo cha pembeni nilikishusha kwa kimo changu, nami unajua nilivyo mfupi. Asubuhi nilikikuta kimeinuka, kwa kimo cha Baba. Msumari akasema skrubu imelegea, akaweka mpya. Kikainuka tena. Nikazoea kuliendesha bila kutazama nyuma upande ule.

Kisha ikaja sauti. Kila tulipolitoa kulijaribu nilisikia tiki, tiki, tiki, kwenye gurudumu la mbele kushoto, polepole, kama mtu anayegonga meza kwa kidole akisubiri kujibiwa. Msumari akalala chini, akafungua, akafunga, akaliendesha peke yake, akarudi akiapa kwamba hasikii lolote. Akaniambia mzee, gari lako zima, pengine masikio ndiyo yanadai grisi. Nilicheka naye, kisha nikamwamuru afungue tena. Beringi za gurudumu lile nimezibadilisha mara kumi na moja. Za magurudumu mengine matatu ni zilezile alizoziacha Baba.

Ulipofika mwaka wa Mama kuondoka, miaka sita iliyopita, alinishika mkono akaniagiza nikufikishie kwamba amekusamehe. Nilikufikishia. Ulikuja mazishini, ukasimama getini ukiwa umelipa gari mgongo, ukaniambia ahsante kaka, sasa nitalala. Wewe ulipata usingizi. Mimi wangu uliondoka na basi lililokurudisha.

Mwezi uliopita Msumari alimaliza rangi. Ni krimu ileile. Ungeliona ungedhani limetoka dukani. Nilitoka kwa fimbo yangu saa saba mchana, nikaingia, nikafunga mlango. Viti vipya, sakafu mpya, hata usukani umevishwa upya. Jua lilipoichemsha dashibodi ikaja harufu ya mafuta ya nywele ya Baba, ikajaa kote. Injini ilikuwa imezimwa. Gari lilikuwa limesimama, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Nikasikia tiki, tiki, tiki. Nilikaa mpaka shati likalowa. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikilitengeneza gari lisilo na kosa.

Mdogo wangu, msamaha wa Mama haukuwa wako, kwa sababu kosa halikuwa lako. Kitambaa ulikiweka. Aliyekiondoa ni mimi.

Asubuhi ile nilikuwa natoka kwenda kupiga picha ya makarani tuliopandishwa cheo. Nilivaa shati jeupe na kuchomeka kalamu mpya ya wino mfukoni, na kabla sijafika getini kalamu ikavuja. Vidole vyote vikawa buluu. Nilikuwa napita kando ya gari, macho yangu yakiwa kwenye shati, mkono ukanyooka kwa kitu kilicho karibu. Nikajifuta kidole kimoja kimoja. Mwenzangu wa ofisini akapiga honi barabarani. Nilikuwa na nia ya kukirudisha, na nia hiyo nimeishika tangu siku ile kama mtu anayeonyesha tiketi ya basi lililokwisha ondoka. Nikakisokomeza mfukoni, nikatoka mbio. Picha ile iko ukutani sebuleni mpaka leo; umeiona mara nyingi. Siku nyingine itazame mfuko wa kulia wa suruali yangu. Umevimba.

Niligundua jioni, hospitalini. Mama alikuwa analia, nikaingiza mkono mfukoni kumtafutia leso, kikaja kitambaa. Nilikirudisha kabla hajakiona. Nikamwacha ajifute machozi kwa kiganja.

Na hilo silo baya zaidi. Kesho yake polisi walitaka maelezo ya maandishi. Ulikuwa unatetemeka hata kalamu hushiki, ukaniambia kaka andika wewe, msomi ni wewe. Niliandika, kwa mwandiko ule mzuri uliosifiwa mahakama nzima, kwamba aliyefunga gurudumu hakumbuki kwa hakika kama aliweka alama. Hukusema hivyo. Ulisema unakumbuka. Ukatia sahihi bila kusoma, kwa kuwa aliyeandika ni kaka yako. Nilijiambia kwamba wewe una mikono, utapata kazi popote, na mimi sina kingine ila jina. Sikufikiri kwamba mikono yenyewe ndiyo nitakayokuwa nimekunyang'anya. Au nilifikiri. Katika umri huu sitaki kujipunguzia.

Nimeandika maelezo mapya, kurasa mbili, nikatia sahihi mbele ya binti yangu na Msumari. Nayaambatanisha. Msomee binti yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Wangu aliyasoma akatoka nje. Tangu juzi ananiletea dawa kwa wakati, lakini hajaniita baba.

Jambo la mwisho. Juzi nilimwomba Msumari alipige jeki gari, alegeze nati za gurudumu la mbele kushoto, azirudishe kwa vidole tu, alishushe, aliache. Alikwenda kwanza jikoni kumwuliza binti yangu kama nimemeza vidonge vyangu. Kisha akafanya nilivyotaka. Mimi nikatoka na fimbo, nikakitundika kitambaa kwenye kioo. Ni kilekile. Nimekihifadhi ndani ya bahasha ya mahakama miaka yote, sijawahi kukifua. Kina wino wa vidole vyangu na grisi ya vidole vyako. Toka hapo sauti imekoma, lakini haijaondoka. Nausikia ukimya wake kutoka hapa kitandani. Unasubiri.

Spana iko juu ya kiti cha dereva. Sikuombi unisamehe; nimeona msamaha unavyoweza kwenda nyumba isiyo yake. Nakuomba uje ukaze nati zako tano. Ukinikuta hai, nitakaa kibarazani nikutazame, na sitasema neno. Ukikuta nimeshaondoka, usingoje ruhusa ya mtu: kaza, kiondoe kitambaa kwa mkono wako mwenyewe, ingia uendeshe. Gari ni lako, na hati zake ziko kwenye kisanduku cha dashibodi kwa jina lako. Usipokuja, nimeshawaambia wote hapa kwamba hakuna wa kuligusa. Litakaa hapohapo na kitambaa chake mpaka kutu ilirudie.

Mfikishie shemeji salamu zangu, umwambie alikuwa sahihi kila alipokutetea, nami nilikuwa najua. Wabusu watoto. Ukipanda basi, panda la asubuhi, ukae kiti cha mbele ili goti lipate nafasi. Kimo cha kioo usikibadilishe. Kinakufaa, wewe ni mrefu kama yeye.

Ni mimi kaka yako,
Profesa, aliyepewa tochi akamulika kwingine.