Fedha za Watu kwenye Akaunti Yangu

Mangere,
Auckland.
Alhamisi, 20 Juni 2019.

Mpendwa mdogo wangu Sisilia,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii inayoingia hadi kwenye mifupa. Natumaini wewe na shemeji Folau mko salama, na kwamba goti lako limekubali kupanda tena kile kilima cha kanisani. Na watoto je? Nasikia Lupe ameanza sekondari na tayari anakusahihisha Kiingereza. Mvumilie, maana wewe ulimfanyia mama vivyo hivyo.

Sisi tupo, kwa kiasi chetu. Sitiveni bado anasafishwa damu kwa mashine, siku moja anaungwa, siku moja anapumzika. Mashine iko hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, ambako walitoboa ukuta wakampitishia mabomba yake. Leo ni siku yake. Ameunganishwa tangu asubuhi, anatazama raga na kunituma chai ambayo anajua vizuri haruhusiwi. Binti yetu Pelenaise anaingia mwezi wa tisa wa ujauzito. Miguu imevimba, presha inapanda na kushuka, na mkunga anakuja kila baada ya siku mbili. Mumewe yuko kusini anapogoa miti ya tufaha, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Mikeka miwili uliyotuma ilifika salama, Mungu akubariki mikono. Mmoja nimeutandika. Wa pili nimeutoa, na nitakuambia ni kwa nani.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ukipigiwa simu wewe unaweka spika, na kijiji kizima kinasikiliza pamoja nawe. Barua hii anakuja nayo Paula, mtoto wa mchungaji, anayepanda ndege kesho alfajiri. Nataka uyasikie haya kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa wengine, kwa sababu utayasikia.

Wewe umeolewa na mtu asiye na dada, hujui raha unayoila. Mimi nina Lesieli. Wifi yangu akisema jiwe ni mkate, nyumba hii yote inatafuta siagi. Ni dada mkubwa wa Sitiveni na ni shangazi wa watoto wangu, na huhitaji kuelezwa maana yake kwetu. Miaka mitatu iliyopita alikuja hapa akakaa kwenye kiti, mimi nikakaa chini kwenye mkeka, akasema fedha za ukoo zitawekwa kwenye akaunti yangu.

Ni fedha za sherehe ya kanisa la kijiji chao, linalotimiza miaka mia Desemba hii. Ukoo wote wa huku unachangia karamu, na paa jipya la nyumba ya marehemu baba mkwe, ambako watalala wageni. Kwanza zilikuwa kwa shemeji Haniteli, na nusu ikaishia kwenye kamari ya farasi. Lesieli akasema safari hii atunze mke wa ndugu yao, kwa sababu mtu aliyeolewa ndani hathubutu kula. Mimi mjinga nikaona nimepewa heshima. Kumbe nimetwishwa mzigo.

Unajua zinavyopatikana. Tunakodi ukumbi, Pelenaise anapakwa mafuta mabegani, anacheza, na watu wanasimama mmoja mmoja kumbandika noti kwenye ngozi. Hakuna anayeandika nani katoa nini. Kila Jumatatu baada ya dansi nilizifuta zile noti mafuta kwa taulo na kuzipeleka benki. Wale wasichana wa dirishani walizoea, wakawa wananitania kwamba fedha zangu zinanukia nazi.

Sasa sikiliza kosa langu. Ile ofisi inayotupa posho ya ugonjwa wa Sitiveni na kutusaidia kodi ya nyumba huuliza kila mwaka kama akiba yetu imebadilika. Kuna kiwango; ukikivuka, msaada unapungua, ukikivuka sana, unakatika. Kila mwaka niliandika kwamba hakuna kilichobadilika, nikaweka dola mia nne na kidogo. Sisilia, sikuona kwamba ninadanganya. Hizo ndizo zilizokuwa zangu. Ukimpakata mtoto wa mwenzio kanisani, halafu mtu akakuuliza una watoto wangapi, utamhesabu na yule?

Wiki tano zilizopita ikaja bahasha yenye kidirisha, ya ile ofisi. Walikuwa wamepata habari kutoka benki. Walisema akaunti yenye jina langu imevuka kiwango kwa muda mrefu, wakataka taarifa zote za benki za miaka mitatu na maelezo ya fedha zilikotoka. Niliiweka chini ya Biblia, kana kwamba Biblia ni kaburi. Mama alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha wiki mbili nzima. Ikaja ya pili. Hiyo ilisema msaada wa kodi utasimamishwa, na kwamba huenda nikadaiwa vyote nilivyopokea tangu siku kiwango kilipovukwa. Nifike mwenyewe Ijumaa tarehe ishirini na moja, saa tatu asubuhi. Yaani kesho.

Nilimwendea Tupou, yule mama wa kwaya anayewasaidia watu na mambo ya ofisi. Nilimweleza kama nilivyokueleza, hadi mtoto wa kupakatwa. Alinisikiliza bila kucheka.

"Dada, fomu haikuuliza moyo wako," akasema. "Iliuliza akaunti yako."

Akanieleza kwamba ningetakiwa kusema siku ile ile fedha zilipoanza kuingia, hata kama si zangu, na wao ndio wangeamua za nani. Bado naweza kusema. Nipeleke taarifa zote, nieleze ukweli wote, na nimpate Lesieli aandike na kusaini kwamba fedha ni za ukoo na yeye ndiye msimamizi. Hakuniahidi kitu, alisema tu kwamba hapo nina nafasi. Na akanionya mara mbili nisiguse hata senti moja, kwa sababu nikizitoa sasa itaonekana ninazikimbiza, na hilo ni baya kuliko kunyamaza kwangu kote.

Ndipo nikaubeba ule mkeka wako wa pili, na viazi vikuu, na kopo kubwa la nyama, nikaenda kwa Lesieli. Alivipokea. Nilikaa chini, nikaeleza, nikamwekea karatasi karibu na mguu wa kiti chake. Hakuitazama. Alisema fedha za baba yake hazijawahi kuwa na karatasi, na kwamba karatasi ni za watu wasioaminiana.

Nikasema, wifi, nitapoteza nyumba. Hapo ndipo akanipa sababu ya kweli. Na yeye analipwa na ofisi ile ile. Kwenye fomu yake ameandika hana kitu wala hasimamii kitu.

"Nikiweka jina langu hapo, nitaitwa mimi," akasema. "Zitoe zote uniletee. Wakikuuliza, waambie umekula."

Nikaiokota karatasi. Nilikuwa nasimama niondoke aliponiuliza Pelenaise yuko mwezi wa ngapi sasa, kana kwamba hajui. Nikasema anaingia wa tisa.

"Mwambie shangazi yake anamuwaza," akasema.

Maneno yake ni hayo tu. Lakini wewe na mimi tumelelewa nyumba moja na tunajua laana ya shangazi aliyekasirika inaweza kufunga nini mwilini mwa mjamzito. Mkunga angecheka, na mimi mwenyewe nimeishi huku miaka ishirini na mbili, nikajidhani nimeyaacha mambo hayo kisiwani kwetu, Vava'u. Jumapili presha ya Pelenaise ilipanda, tukamkimbiza hospitali. Alipokuwa amelala pale na mkanda wa presha mkononi aliniomba, mama, fanya anavyotaka shangazi, mpaka nijifungue tu. Mtoto niliyemsomesha hadi cheti cha uuguzi. Sikucheka tena, na nakiri kwamba niliogopa.

Jumanne Lesieli alinipitia na gari lao kubwa, Haniteli akiendesha. Tulikwenda hadi benki. Walinisubiri nje. Nilifika dirishani, yule msichana akanisalimia vizuri, akauliza leo nimeleta au nimekuja kutoa. Nikamwambia nimekuja kuchapisha taarifa za miaka mitatu. Alipozimaliza nilizikunja nikazificha kifuani, nikatoka, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikamdanganya wifi yangu. Nilisema fedha nyingi hivyo benki inataka siku tatu kuziandaa.

Alinitazama kwenye kioo cha gari safari nzima. Alisema watarudi Ijumaa saa sita. Tangu siku hiyo hajapiga simu, na wewe unajua kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye mazoezi ya kwaya wanawake wa ukoo wao walijaza benchi kabla sijafika, nikaimba nimesimama.

Kilichoniumiza zaidi ni Sitiveni. Nilikuwa sijamwambia kitu, nikimhurumia. Jana asubuhi nilipokuwa nampikia uji nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye televisheni iliyozimwa. Nilitegemea atasema tu kwamba ataongea na dada yake, ingawa najua kwetu kaka hazungumzi hivyo na dada yake.

"Usimtaje dada yangu kwenye ile ofisi," akasema. "Kama ni nyumba, tuiache. Nirudishe Vava'u."

Nikamwambia Vava'u hakuna mashine. Akasema anajua. Akasema wiki mbili zinatosha kusalimia watu, na kwamba ukiwaondoa wanaomdai hawabaki wengi. Alitania hivyo, Sisilia, huku ananiomba nimpeleke akafe. Nikauacha uji ukaungua.

Nimelifikiria hilo jana mchana kutwa, na leo tangu tulipoamka. Nyumba ikienda, mashine itang'olewa ukutani, na mwenye nyumba gani mwingine atakubali kutobolewa ukuta wake na watu wasioweza kulipa kodi? Mtu mmoja anaogopa kuulizwa swali. Mwingine atakosa damu safi. Nikiviweka pamoja hivyo naona jibu, lakini nikimtazama Pelenaise akipanda ngazi ameshika kiuno, sioni kitu.

Kesho saa tatu nitamtaja Lesieli. Nitasema jina lake lote, nitaeleza dansi na noti na mafuta, na nitasema pia kwamba nilikosa kwa kutosema mapema, kwa sababu ni kweli nilikosa. Tupou atakwenda nami. Fedha zote ziko pale pale, hata senti sijagusa, na huenda zikazuiwa na Desemba ikapita bila paa wala karamu. Hilo pia litawekwa juu ya kichwa changu. Saa sita gari litasimama mbele ya mlango, na nitatoka mwenyewe kuwaambia nimefanya nini.

Sitiveni hajui. Anadhani nakuandikia kukushukuru mikeka, na sasa hivi ameniita nikuulize kama bado mnapata pweza wazuri. Nimemjibu kwamba nimeandika. Kesho jioni atakuwa na mke aliyemwaibishia dada yake, na sijui kama atanyoosha mkono nimuunge kwenye mashine Jumamosi. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko Lesieli.

Pelenaise akijifungua salama, watasema shangazi amesamehe. Akipata shida, watasema ni ulimi wa mama yake. Hapo sina pa kushinda, nimekwishakubali.

Ukiipata barua hii nitakuwa nimeshasema. Nakuomba usinitetee. Nyumba yako iko katikati ya watu wao, unachota maji na kusali nao, na mimi niko mbali. Wakikujia na maneno, wape kiti, wasikilize, waache waende. Ila umwombee Pelenaise, tena uombe kwa sauti, mama yake asikie huko aliko... namaanisha mama yetu. Unaona, kichwa changu hakiko pamoja.

Nisalimie shemeji Folau, na Lupe na wadogo zake, na mama mdogo Vaisiliva ukimwona sokoni. Mwambie bado natumia kisu chake cha viazi. Mzee Kelepi umwambie dawa ya macho nitamtumia nikipata mtu mwingine wa kuaminika. Kwa watu wa upande wa Sitiveni, miaka yote nimekuagiza uwasalimie mmoja mmoja kwa jina. Safari hii usipeleke salamu zangu, maana hawatazipokea.

Mungu aliyewalinda baba na mama kwenye vimbunga vyote vile awafunike na ninyi, watoto walale wakiwa wameshiba, na mlango wenu usigongwe na habari mbaya.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,

Kalolaine