Nimemwita Mama Mkwe Mwizi wa Maneno

Mama Najiat, shikamoo. Mimi ni fundi seremala hapa Ng'ambo, Tabora, na ukurasa wako huwa nausoma kila Jumapili nikitoka misa, mara nyingi nikicheka shida za wenzangu, leo zamu yangu imefika na kicheko sina.

Niko kwenye kundi la simu la watu wanaocheza maneno. Kila asubuhi kiranja wetu anatupa herufi tatu, kila mmoja anatafuta neno la Kiswahili lenye herufi zote tatu, na mwenye neno refu kuliko wote mpaka magharibi ndiye mshindi, zawadi hakuna, ni sifa tu, lakini sifa hiyo mama nimeipenda mno, mpaka mbao nakata huku natafuta maneno. Hatujuani, tunatumia lakabu, mimi ni Randa, na kuna mmoja anaitwa Nyigu ambaye amenitesa vibaya. Zikija F, D na H mimi narusha "hifadhi" najiona nimemaliza kazi, sijashika msumeno Nyigu kashaweka "mfadhaiko". Basi nikawa namchokoza na yeye ananichokoza, nikamwambia akalime viazi, akanijibu kichwani mwangu mmejaa maranda, watu kundini wanacheka, tukazoeana hivyo. Lakini kuna siku alinishinda mfululizo, hasira zikanipanda, nikaandika mbele ya kundi zima kwamba Nyigu ni mwizi, anatumia zile tovuti za kuingiza herufi zikakutemea maneno, mtu mwenye akili zake hawezi kupata neno upesi hivyo.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu Yustina tulikwenda Puge kumsalimia mama yake, mjane, mwalimu mstaafu. Kwetu Wanyamwezi mkwe ni mkwe, simtazami usoni, sikai naye chumba kimoja, jina lake silitamki, salamu naitoa kwa mbali nimeinama, na chakula ananiletea shemeji yangu Magreth huko nje nilikokaa. Sasa niko uani nasubiri ugali, herufi za siku hiyo ni K, M na Z, nikarusha "makengeza", mara nikasikia simu inalia ndani ya nyumba na mama mkwe anaangua kicheko, "Magreth, njoo uone, Randa kaleta makengeza! Leo namnyoosha huyu!" Sijakaa sawa, simu yangu ikatetemeka mkononi, Nyigu kaweka "mkazamwana", yaani mke wa mwana.

Mama Najiat, kumbe Nyigu ndiye mama mkwe wangu! Nilimwambia Yustina kuna mteja ananiita haraka, nikaondoka sijagusa ugali wa ukweni, na wewe unajua kwetu hiyo ni kuwadharau wakwe, na toka siku hiyo nimejitoa kundini. Sasa mama mkwe anakuja kutibiwa mtoto wa jicho hospitali ya Kitete na atafikia kwangu. Huyu mama ndiye aliyewatuliza ndugu zake nilipokwenda kuposa, fundi wa vitanda nisiye na hata kitanda changu, akawaambia kijana ana adabu, mwacheni. Akijua kwamba mtu aliyemwita mwizi hadharani ndiye mimi, ataona alijidanganya, na hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko yote. Yustina ananiuliza mbona nimenuna, namwambia ni uchovu wa kazi. Nimepanga niende kwa kaka yangu Igunga mpaka matibabu yaishe. Nikimbie, nikiri, au ninyamaze tu?

Fundi, Ng'ambo

MAMA NAJIAT ANAJIBU

Marahaba, Randa. Nimekucheka kwanza, huruma imekuja baadaye. Sasa kaa chini upumue, maana hali yako si mbaya kama unavyoiona.

Kwanza, ule utani. Mwiko wa ukwe unamfunga mtu anayejua yuko mbele ya nani, na wewe hukujua. Halafu hiyo barua yako umeiandika lakini hukuisoma. Ulimsikia kwa masikio yako mwenyewe anacheka na kumwita bintiye aje aone! Mtu aliyechukizwa na Randa angefanya hivyo? Huyo ni mjane aliyezoea darasa lenye kelele, siku hizi nyumba imemnyamazia, akapata mtu wa kubishana naye asubuhi. Viazi ulivyomtuma akalime, naamini alivicheka siku nzima. Wewe umekimbia ukidhani unamwepusha na aibu, kumbe umemnyang'anya mshindani wake.

Hilo la mwizi ni jingine, na hapo nakuvuta sikio. Uliposhindwa ulitafuta mchawi. Hizo tovuti nimezijaribu mimi mwenyewe kwa ajili yako: ile ya kwanza ilinitemea maneno ya Kiingereza, ya pili ikaniletea majina ya miji. Mama yule maneno anayo kichwani, kayabeba miaka yote ya chaki. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa ulimi watu wakiona. Kwa hiyo rudi kundini leo, na palepale ulipomchafulia jina umsafishie. Andika kwamba ulisema uongo kwa sababu ulishindwa. Usiweke "samahani kama nimekukwaza", hiyo "kama" ni ujanja wa watu wasiotaka kuomba radhi.

Mkeo mwambie sasa hivi. Jina lako nimelificha, lakini mkeo, Randa na Nyigu umewaandika mwenyewe, na gazeti hili Puge linafika. Yustina akisikia kwa jirani kabla hajasikia kwako, hapo ndipo utakuwa na kesi. Akishamaliza kucheka, na atacheka, mtume mshenga wenu aende Puge na doti ya kanga akaeleze yote mawili, la mwizi na la ugali ulioacha. Wazee wakitaja faini, toa bila kununa. Huyo mama alikusemea siku ya posa, hawezi kukutupa kwa sababu ya mdomo. Ila anastahili kulisikia jambo hili kwa njia yake ya heshima.

Na Igunga, thubutu! Mama mkwe anakuja kutibiwa jicho, anafikia nyumbani kwako, na mwanamume wa nyumba anatoroka? Ya kwanza uliyafanya hujui. Hilo utalifanya ukijua, na sitakutetea.

Tena utahitajika. Akitoka hospitali ataambiwa alipumzishe jicho, asikodolee simu, na kwa mchezaji kama yeye siku hizo zitakuwa ndefu kweli. Basi yeye alale chumbani, wewe kaa barazani, mlangoni tundikeni pazia zito, na Yustina akae katikati na mchele wake anauchagua. Asubuhi herufi zikitoka, zisome kwa sauti mpaka zimfikie. Atakupa neno lake kutoka ndani, nawe uliandike kundini kwa lakabu yake kama alivyolisema. Usoni hutamtazama, chumba kimoja hamtakaa, jina lake hutalitamka. Ukoo mzima ukija kukagua, hawatapata kosa.

Kisha tafuta neno lako, na utafute kwa nguvu zako zote. Usije ukajifanya mjinga ili ashinde kwa sababu anaumwa. Fundi, huyo ni mwalimu, na mtoto anayekosea makusudi anamjua hata akiwa amefungwa macho yote mawili.